Moshi Katika Pikapu ya Projestus

Wiki tuliyomzika mume wangu Projestus, alikuja Kashozi, kijijini kwetu, mwanamke mzee ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka thelathini. Mjukuu wake alimleta kwa bodaboda, akamshusha mwanzoni mwa kibanja, naye akatembea polepole katikati ya migomba akijishikiza shina hili na lile. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wafiwa wenzangu, na nilimtambua kabla sijauona uso wake vizuri, kwa namna alivyosafisha koo kabla ya kusalimia. Alikuwa Mama Winifrida, jirani yetu wa mtaa wa Bilele, mjini Bukoba, enzi ambazo mimi na Projestus tulikuwa wapangaji wapya na ndoa yetu haijatimiza mwaka. Alinikumbatia, akalia, akakaa. Alipopewa chai aliishika tu bila kuinywa, kisha akaniinamia. "Jenerosa mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "huyu mume wako mimi nilikwisha kumzika kwa mdomo wangu mwaka ule. Leo nimekuja kumzika vizuri." Nilimwambia, "Mama, yale yalipita." Na kweli yalipita. Lakini wanangu walisikia, na tangu siku hiyo wananiuliza alikuwa na maana gani. Wao wanamjua baba yao aliyezeeka, aliyebeba wajukuu mabegani, aliyeondoka kwa ugonjwa wa moyo akiwa mtu mzima. Hawamjui kijana aliyelala chini kwenye mkeka ili asiniambukize kifo. Huyo ndiye ninayetaka kumweleza hapa, yeye na kaka yake Novatus.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, upande wa nyuma wa nyumba ya bati, na kilikuwa hakina dari. Ukuta uliotutenga na Mama Winifrida uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Harufu ya maharage yake ilikuja kwetu na harufu ya dagaa wetu ilikwenda kwake. Kitanda kilichukua nusu ya chumba, meza ikachukua robo, na jiko la mkaa lilikaa mlangoni, ili moshi utoke. Nakumbuka jinsi nilivyokuwa mwangalifu na moshi wa lile jiko. Mama yangu alinionya nisilale nalo ndani, na kila jioni nililitoa nje hata kama mvua inanyesha. Uani iliegeshwa pikapu ya Projestus, gari kuukuu la petroli ambalo ndilo lililotulisha. Aliondoka nalo alfajiri kwenda Ngenge, wilayani Muleba, kuchukua mahindi ya wakulima, akarudi nayo jioni kwa wenye maduka wa mjini. Liliponguruma kupanda mtaa wetu watoto wote walijua nani anakuja, kwa sababu bomba lake la moshi lilikuwa limepasuka na kufungwa kwa kopo la maziwa na waya, na lilipiga kelele ya kupasua masikio. Mimi nilikuwa mgeni kwenye mambo ya magari. Nilidhani kelele ndiyo hasara yake yote.

Ulikuwa wakati ambao huku kwetu Kagera tulizika mara nyingi kuliko tulivyocheza ngoma za harusi. Ukimwi ulikuwa umekwishaingia kila kijiji, lakini ulikuwa hautajwi. Watu walisema, "Fulani anaugua," kisha wakanyamaza, na kila mtu akaelewa. Walioshukiwa kwanza walikuwa madereva, kwa sababu hulala safarini. Mume wangu hakuwahi kulala safarini, lakini nani angejali? Alianza kurudi kutoka Ngenge kichwa kinamgonga hadi anashindwa kufungua macho. Alitapika nyuma ya choo, ambako alidhani simsikii. Nilimpikia ndizi kwa samaki, chakula alichokuwa akikipenda, akala vipande viwili na kusukuma sahani. Suruali zake zikaanza kushuka kiunoni. Siku moja nilikuwa nimekaa kitandani nachambua mchele, nikasikia upande wa pili wa ukuta Mama Winifrida akimwambia mgeni wake, "Yule kijana tayari. Mimi nimeuguza wadogo zangu wawili, naijua ile rangi ya uso. Namwonea huruma huyu binti, tena ana mimba." Mgeni akauliza, "Mwenyewe anajua?" Mama Winifrida akasafisha koo. "Atajua." Nilibaki na ungo mapajani. Sikumchukia, hata leo nikiwaza simchukii. Alikuwa anasema alichokiona katika nyumba yake mwenyewe.

Shangazi yangu alikuja kunichukua. Alifika na kikapu cha maembe na parachichi, akakaa kwenye kile kitanda kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na Projestus alikuwa amekikalia. Tulikula pamoja, tukazungumza habari za mvua na kahawa, na Projestus alipotoka kunawa mikono shangazi akaniambia bila kuzunguka, "Mumeo anakonda, anatapika, na ni dereva. Unasubiri nini hapa? Ufe na huyo mtoto tumboni?" Nikamwambia ninamsubiri mume wangu anawe mikono. Alikwenda zake bila mimi, lakini Projestus alikuwa amesikia yote pale nje kwenye ndoo. Jioni ile alichukua mkeka, akautandika kati ya meza na ukuta. Nikamuuliza anafanya nini. "Nenda kwenu, Jenerosa," alisema. "Kama ni hicho wanachosema, basi angalau wewe na mtoto mpone. Na kama utabaki, mimi nitalala hapa." Nilibaki, naye akalala pale. Tuliishi hivyo majuma mengi, watu wawili katika chumba kimoja wasiogusana, na kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Jumapili alikuwa mzima. Tulikwenda kanisani, tukapanda gari la abiria hadi Kashozi kuwasalimu wazazi wake, akala, akacheka na kaka yake. Pikapu ilipokaa siku kadhaa kwa kukosa tairi, alipata nafuu hadi nikathubutu kutumaini. Aliporudi barabarani, kichwa kikarudi. Nilidhani ni uchovu unaouchokoza ugonjwa. Asubuhi moja nikamwambia ninataka kwenda naye Ngenge. Alikataa, nikapanda ndani na kukaa. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

Tulifika Ngenge jua limewaka. Mkulima mmoja aliyekuwa akimuuzia mahindi tangu zamani aliponiona na mimba yangu alifurahi, akamwita mkewe, na yule mama akaniletea kuku wawili waliofungwa miguu. "Huyu ni mgeni wetu, waitu, hawezi kurudi mikono mitupu," alisema, akiniita kwa Kihaya mtu wa kwao. Magunia yalijaa nyuma, kwa hiyo niliwaweka kuku miguuni pangu, karibu na gia, pale ambapo mpira wa kuziba sakafu ulikuwa umeoza na barabara inaonekana ikipita chini. Njiani mvua kubwa ilitukuta. Projestus alipandisha kioo chake, nami nikapandisha changu. Mwanzoni kuku walikuwa wanalalamika kila tukipita shimo, kisha wakanyamaza, nikafikiri wamelala. Mimi mwenyewe nilisikia usingizi mzito na kichwa kikianza kubana kwenye paji la uso. Kichefuchefu kilinipanda, nikadhani ni cha mimba. Projestus aliendesha akiwa ameuma meno.

Muleba mjini tulisimama kwenye mgahawa, mvua imekatika. Nilipofungua mlango upepo ulinipiga usoni kama maji ya baridi, na nilijisikia kama ninayerudi kutoka mbali. Niliinama kuwachukua kuku ili niwape maji. Wote wawili walikuwa wamekufa. Hawakuwa na jeraha, shingo zao zilikuwa laini, na manyoya meupe ya mmoja wao yalikuwa yamepata masizi upande uliogusa lile tundu. Nilisimama pale kando ya barabara nimewashika miguu. Projestus akasema kwa unyonge, "Hata kuku." Alikuwa na maana kwamba hata kuku wanakufa mikononi mwake. Mimi nilikuwa natazama masizi. Nikamwambia, "Washa gari." Akasema tunywe chai kwanza. "Projestus, washa gari." Aliwasha. Nikapiga magoti kwenye tope, na tumbo langu lile, nikachungulia chini. Kopo la maziwa lilikuwa limesogea, na kutoka kwenye ufa moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja hadi kwenye lile tundu la sakafuni, kando ya kiti cha dereva, kama moshi wa jikoni unavyotafuta upenyo kwenye paa. Nilipoinuka nilikuwa nalia na kucheka. "Si wewe," nilimwambia. "Ni jiko. Umekuwa ukilala na jiko ndani." Hakunielewa hadi nilipomvuta mkono akainama na yeye, akaona. Hatukunywa chai. Tulirudi Bukoba vioo vyote viko chini, mimi nimejifunika kitenge kichwani.

Novatus, kaka yake, alikuwa fundi katika gereji moja mjini. Alikuwa amemzidi Projestus kwa miaka michache, mrefu, mpole, mtu wa kuongea akitazama kazi yake na si uso wako. Gereji ingeweza kufanya kazi ile, lakini Projestus hakutaka kwenda pale. Mara ya mwisho alipokwenda alisikia mtu nyuma yake akisema, "Naye huyo, bado anaendesha?" Basi Novatus akasema tutaifanya nyumbani, uani kwetu, na mwenye nyumba akatukubalia umeme wa kuchomelea. Ekzosi, yaani mfumo mzima wa bomba la moshi, ya kampuni iliyotengeneza gari lile ilikuwa haipatikani. Novatus alipata nyingine kwa mfanyabiashara anayeleta vipuri kutoka Uganda: bomba jipya, sailensa ndefu ya kupunguza kelele, yenye rangi ya fedha, na kipande cha nyuma, vyote vimetengenezwa kwa gari la aina nyingine. Alivilaza kwenye majani ya mgomba niliyoyatandika, akavizunguka akivitazama. "Havikuzaliwa pamoja na gari hili," alisema, "lakini tutavizoesha."

Kazi ilichukua Jumamosi nzima na sehemu ya Jumapili. Waliinua pikapu kwa jeki, wakaiegemeza juu ya magogo, kwa sababu Novatus hakukubali mtu aingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Bolti za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu. Walizilowesha mafuta ya taa, wakazigonga taratibu, na bado moja ilikatikia ndani ya injini, wakaitoboa kwa uvumilivu hadi ikatoka vumbi. Sailensa mpya ilikuwa ndefu mno. Walipoipandisha iligusa shafti inayozungusha magurudumu, na Novatus akasema ikikaa vile itakatwa safari ya kwanza. Akapima kwa kijiti, akakata bomba kwa msumeno, akatengeneza vishikio vipya vya chuma, akavichomelea upande wa pili wa fremu ya gari, na mahali pa mpira wa kuning'iniza akatumia vipande vya tairi kuukuu. Majirani walitoa viti nje wakatazama. Mama Winifrida alikuwa wa kwanza. Sijui walikuwa wanatazama ufundi au walikuwa wanamtazama Projestus, ambaye alikuwa amevua shati, mbavu zake nje, akishika taa, akishika bomba, akipokea spana. Nilitaka apumzike. Novatus akaniambia kutoka chini ya gari, "Mwache, shemeji. Mtu akitengeneza kitu mwenyewe atakiamini."

Nilikuwa nimechuchumaa karibu yao na sahani ya ndizi na maharage, nimeiweka juu ya tairi ya akiba, ili wale bila kutoka. Novatus alikuwa na koti zito ingawa jua lilikuwa kali, na alikohoa mara kwa mara. Nilidhani ni moshi wa kuchomelea. Aliniuliza tena habari ya wale kuku. "Walikufa mapema, au mlipokaribia Muleba?" Nikamjibu. "Na wewe ulisikia nini? Kichwa tu? Na tumbo?" Nikamweleza. Akakaza nati. "Na kukonda je? Huu moshi unakondesha mtu?" Nikasema, "Si anakonda kwa sababu hali, shemeji? Anatapika kila siku." Akasema, "Eeh." Baadaye kidogo akauliza, kama anayezungumza na bomba, "Sasa sisi wa gereji, tunaowasha magari ndani ya banda kutwa nzima, si tungekufa zamani?" Projestus akacheka, akamwambia wao wamekwishakuwa sugu. Novatus hakucheka. Nilikumbuka maneno hayo baadaye sana. Siku ile nilikuwa na furaha yangu, na furaha haina masikio.

Walipomaliza, Novatus aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholoa, akaniagiza nilete maji ya sabuni ya kufulia. Projestus aliwasha injini, nami nikapaka povu kwenye kila maungio kwa brashi ya viatu, jinsi nilivyoelekezwa. Mahali pamoja povu lilichemka. Wakazima, wakafungua, wakabadilisha gasketi, wakakaza upya klempu zinazobana bomba. Mara ya pili povu lilikaa kimya. Kisha wakaliziba lile tundu la sakafuni kwa kipande cha bati na mpira. Injini ilipowashwa kwa mara ya mwisho, sauti ilikuwa ndogo, nzito, ya chini, na mtoto mmoja wa jirani akasema, "Imezimika." Mama Winifrida aliinuka kutoka kwenye kiti chake. "Kumbe ndiyo hiyo tu?" aliuliza. Projestus alikuwa amekaa nyuma ya usukani na vioo vimefungwa, anavuta pumzi, anangoja kichwa kimgonge.

Hakikugonga. Alikwenda Ngenge akarudi akaomba chakula. Akaenda tena, akarudi, akala mabaki ya mchana na kuuliza kama yapo mengine. Siku zilivyozidi mashavu yalijaa, na asubuhi moja nilipoamka mkeka ulikuwa umekunjwa kwenye kona na mume wangu yuko kitandani, amelala fofofo kama mtoto. Hofu haikuisha yote kwa siku moja. Tuliibeba kimyakimya hadi mtoto alipozaliwa mzima, msichana, na hata baada ya hapo, hadi huduma ya kupima ilipotufikia na tukaambiwa tuko salama. Lakini kuanzia asubuhi ile tuliishi kama watu wenye kesho.

Novatus aliacha gereji mwezi uleule tuliotengeneza gari. Alisema amechoka, anataka kwenda Kashozi kusaidia kahawa ya wazazi na kuvuta hewa ya migombani. Mama mkwe alifurahi. Kila Jumapili tulipokwenda alikuwa amekaa nje, mbali na jiko, mbali na moshi wowote, na kama mtu akiwasha sigara alihama. Aliniuliza, "Projestus alianza kunenepa baada ya muda gani?" Nikamjibu. Akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake ikicheza. Wakati huo alikuwa amekonda kuliko Projestus alivyowahi kukonda, na midomo ilikuwa na vidonda. Nilielewa hapo, nikiwa nimempakata binti yangu, kwamba siku ile chini ya pikapu hakuwa akiuliza habari za kuku. Alikuwa na tumaini kama letu. Alitaka na lake liwe moshi.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye ilikuwa Jumapili baada ya misa. Alikuwa hawezi tena kutoka nje. Alilazwa katika chumba kilicho kando ya sebule, dirisha lake linatazama ua tulipoegesha. Mama mkwe alikuwa anampa uji kwa kijiko, na alipokwenda kuongeza sukari Novatus aliniita nisogee. "Shemeji," alisema, "nilifurahi kwa ajili ya mdogo wangu. Nataka ujue hivyo. Nilifurahi kweli. Halafu nikarudi nyumbani nikalia, kwa sababu langu halina bomba la kubadilisha." Nilimshika mkono, ambao ulikuwa mwepesi kama jani kavu la mgomba, naye hakuuondoa. Projestus aliingia, akakaa miguuni pa kitanda. Walitazamana. Novatus akasema, "Mlipokuwa mnaingia nimesikia. Klempu ya nyuma imelegea."

Projestus akasema, "Nitaikaza kesho."

"Ikaze sasa. Nisikie."

Mume wangu alitoka. Alikuwa amevaa suruali yake ya kanisani na shati jeupe. Kupitia dirishani nilimwona akichukua spana nyuma ya kiti, akalala chali kwenye udongo mwekundu bila hata kutandika jani, akaingia chini. Mama mkwe, aliyekuwa amerudi, alifungua mdomo amkemee kwa ajili ya shati, akaufunga. Projestus alikaa kule chini muda mrefu kuliko klempu moja inavyohitaji. Alipotoka aliwasha injini, akaja hadi dirishani, mgongo wake wote mwekundu, macho yake vilevile. "Inasikika?"

Novatus alikuwa amefumba macho. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Iache iungurume kidogo."

Akaiacha. Petroli ilikuwa haipatikani kwa urahisi siku zile, lakini hakuna aliyesema izimwe. Mama mkwe alisimama mlangoni na bakuli la uji, mimi na mtoto wangu kifuani, Projestus nje amejiegemeza kwenye dirisha, na sote tulisikiliza ile sauti ya chini hadi pumzi za Novatus zilipotulia akalala. Ndipo Projestus akaenda, akaizima. Katikati ya juma kijana wa jirani alitumwa kutoka Kashozi hadi Bilele kutuita. Alisimama uani kando ya pikapu, kofia mkononi, na Projestus alipomwona alichukua ufunguo bila kumuuliza kitu.